Kati Yako na Msomaji Hakuna Mtu

Assalaam alaykum. Bwana asifiwe. Shikamooni wazee wangu, hamjambo vijana.

Nawashukuru walionialika, na nawashukuru zaidi nyinyi mlioacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja kukaa kwenye viti vya plastiki kusikiliza habari za mwandishi kujichapishia vitabu. Kabla sijaanza, naomba wenye mswada nyumbani wanyooshe mikono. Uwe kwenye daftari, uwe kwenye simu, haidhuru. Naona kumi na saba, kumi na nane, na mama pale nyuma, kumi na tisa. Ahsanteni. Leo nazungumza na hao kumi na tisa, wengine mtuvumilie.

Mimi sikusomea fasihi. Nimekuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini hapa kwetu Tanga kwa miaka 22. Wakubwa mnakumbuka, miaka ile meli kubwa hazikuwa zikifika gatini. Zilitia nanga nje huko, mzigo ukashushwa kwenye matishari, matishari yakavutwa mpaka gatini. Kwa hiyo kila gunia lilihesabiwa mara mbili, likitoka melini na likifika nchi kavu. Hesabu zisipolingana, hakuna anayekwenda nyumbani. Naomba mlishike hilo la kuhesabu mara mbili, nitalirudia.

Riwaya yangu niliiandika usiku kwa miaka minne. Inahusu familia ya wakata mkonge kwenye shamba moja upande wa Pongwe, miaka ya kabla ya Uhuru. Nilipoimaliza nikaipeleka kwa wachapishaji. Wa kwanza hakujibu. Wa pili alijibu kwa adabu baada ya miezi kumi na moja, kwamba kazi ni nzuri lakini wao kwa sasa hawachukui riwaya isiyosomwa shuleni. Sikumchukia, na nyinyi nawaomba msiwachukie. Mchapishaji wa kwetu anaishi kwa shule. Riwaya ikiteuliwa kusomwa kidato cha tatu na cha nne, inanunuliwa mwaka hadi mwaka. Isipoteuliwa, inamngoja mtu atakayeingia dukani kwa hiari yake akiwa na elfu kumi ambayo haidaiwi na unga, nauli wala ada. Watu hao wapo, nimewaona kwa macho yangu, lakini wanatafutwa mmoja mmoja, na kampuni yenye mishahara ya kulipa kila mwezi haina muda wa kumtafuta mtu mmoja mmoja. Sisi tunao.

Msidhani jambo hili la kujichapishia limeletwa na kompyuta. Mji wetu una asili ya kuchapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 gazeti la Kiongozi lilikuwa likitoka hapa hapa Tanga, katika shule ya serikali ya Wajerumani, likaendelea mpaka 1916 vita ilipolizima. Na Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani, Machui, aliyezaliwa 1909, alianzisha kampuni yake ndogo ya uchapishaji hapa Tanga, akaiita Art and Literature, na baadhi ya vitabu vyake vikatoka kwa jina hilo. Huyu ni mtu aliyeishi kwa mshahara wa ukarani wa serikali. Alifariki 1962, na kuna vitabu vyake vilivyowafikia wasomaji yeye akiwa tayari kaburini. Baadaye Ben Mtobwa, mwandishi wa riwaya huko Dar es Salaam, naye akaanzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba aliyejichapishia ni yule aliyekataliwa kote, mwambie aje Machui, kaburi lipo.

Sasa tuingie kazini. Kuna maneno mawili ambayo watu wanayachanganya, na mimi niliyachanganya kwa gharama kubwa. Mchapaji ni mwenye mashine. Mchapishaji ni mwenye dhamana: yeye ndiye anayeusoma mswada akaukataa au akaukubali, anayemlipa mhariri, anayeamua jalada, anayekitafutia kitabu soko na anayepokea simu ya msomaji aliyekasirika. Ukipeleka fedha zako kwa mwenye mashine, usidhani umepata mchapishaji. Mchapishaji ni wewe. Mwenye mashine atakuchapia chochote utakachompa, hata ukimpa kitabu chenye aya mbili zinazopingana, maana hakusoma, na wala si kazi yake kusoma.

Mimi nilikwenda Dar es Salaam na fedha ya kiinua mgongo. Mswada ulikuwa na kurasa 211. Fundi wa kupanga kurasa, kijana mmoja mstaarabu sana, akanieleza jambo ambalo nataka mlijue leo kabla hamjalipa senti. Mashine kubwa haichapi ukurasa mmoja mmoja. Inachapa karatasi pana, kurasa nane upande huu na nane upande wa pili, halafu karatasi inakunjwa inakuwa kijitabu cha kurasa 16. Kitabu chako ni vijitabu hivyo vimepangwa na kugandishwa kwa gundi mgongoni. Kurasa 208 ni vijitabu 13 kamili. Kurasa 211 maana yake unalipia karatasi nyingine kwa ajili ya kurasa tatu. Akapunguza nafasi kidogo kati ya mistari, akasogeza vichwa vya sura, tukafika 208. Saa mbili za kazi yake ziliniokolea fedha nyingi, na sikuwa hata na akili ya kumuuliza.

Nikachapa nakala 500. Kila nakala shilingi 4,600 kiwandani, jumla 2,300,000. Jalada 150,000. Kupanga kurasa 200,000. Usafiri wa maboksi kwa basi mpaka stendi ya Kange hapa Tanga, 60,000. Andikeni, maana nitairudia hesabu hii: 2,710,000. Gawa kwa 500 unapata 5,420. Bei ya kuuzia nikaweka 10,000. Nikajiona nimefanikiwa.

Mhariri sikumlipa, kwa sababu sikuwa na mhariri. Niliisoma mwenyewe mara sita, mke wangu akaisoma mara moja, nikasema yatosha.

Maboksi yalifika Kange alfajiri. Nikatia saini, nikapakia kwenye bajaji, nikarudi nayo nyumbani. Mimi, niliyekuwa nahesabu magunia ya watu mara mbili kwa miaka 22, nilipokea mzigo wangu bila kufungua boksi hata moja. Nilikuwa na furaha, na harufu ya gundi mpya ilikuwa inatoka kwenye pembe za maboksi. Nikaanza kuuza siku ile ile.

Siku ya tano nikapigiwa simu na mteja, mwalimu mstaafu wa Usagara. Akaniambia kwa upole kabisa, "Ndugu yangu, kitabu chako kimenirudisha nyuma." Nikadhani anasifia, kwamba kimemrudisha utotoni. Akasema, "Nimemaliza ukurasa wa 80, nikafungua, nimekuta 65."

Nimekuja na nakala moja ya aina hiyo. Ipitisheni mkononi, kila mmoja aishike. Fungueni ukurasa wa 80. Upande wa pili mnaona 65 tena, inakwenda mpaka 80 mara ya pili, halafu inaruka 97. Kijitabu cha tano kimeingia mara mbili, cha sita hakimo. Sura iliyopotea humo ndiyo ya usiku ambao baba anaamua kutoroka shambani. Msomaji wangu alimwacha mtu amekaa kitandani akawaza, akamkuta yupo njiani kwenda Korogwe na fimbo mkononi, bila kuambiwa sababu.

Nilifungua maboksi yote siku ile, nikakaa sakafuni tangu adhuhuri mpaka taa zikawashwa, kitabu kimoja kimoja, ukurasa wa 80, ukurasa wa 80, ukurasa wa 80. Nikapata mbovu 63. Nilipompigia mwenye kiwanda, hakunitukana, hakukataa kwamba kosa ni la mafundi wake. Alisema tu kwamba nilipokea mzigo na nikatia saini, na kwamba mashine ina oda nyingine. Hatukuwa na mkataba wa maandishi. Tulikubaliana kwa mdomo na kwa kupeana mikono, kama mimi na yeye ni watoto wa mtaa mmoja.

Basi turudi kwenye hesabu. Ondoa 63 kwenye 500, zinabaki 437. Ondoa nyingine 40 nilizotoa bure, zikiwemo zile za kuhifadhiwa maktaba na za wazee wa familia ambao huwezi kuwauzia. Zinabaki 397. Sasa gawa 2,710,000 kwa 397. Kila kitabu kimenigharimu 6,826. Mwenye duka anachukua asilimia 30, ananiachia 7,000. Faida yangu kwa kitabu kinachouzwa dukani ni shilingi 174. Miaka minne ya usiku, shilingi 174.

Kwa hiyo naomba wale kumi na tisa wanisikie vizuri. Mkataba uandikwe, hata uwe ukurasa mmoja, useme nakala mbovu zinarudishwa na zinachapwa upya kwa gharama ya kiwanda, na useme ni siku ngapi. Kabla mashine haijazunguka, dai nakala moja ya mfano iliyokunjwa na kugandishwa kama kitabu kamili, uipitishe ukurasa kwa ukurasa kwa kidole. Prufu ya kwenye simu haitoshi, simu haina mgongo wala gundi. Usilipe fedha zote mwanzoni. Na mzigo ukifika, fungua, hesabu, ndipo utie saini. Aliyeusafirisha atanuna. Mwache anune.

Hilo la kiwanda lilikuwa la watu wengine. Linalofuata ni langu peke yangu, na ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kuna bibi katika riwaya yangu anayefariki sura ya tatu. Nilimzika vizuri. Watu wa shambani wanakuja, matanga yanakaa siku tatu, mvua inanyesha makaburini. Niliandika sura ile nikilia. Miezi miwili baada ya kitabu kutoka, kijana wa bodaboda wa Makorora alinisimamisha karibu na soko la Mgandini. Akanisalimia, akatoa kitabu chini ya kiti cha pikipiki, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni kisilowe. Akaniuliza, na alikuwa anauliza kwa nia safi kabisa, "Mzee, huyu bibi anayekoroga uji sura ya tisa si ndiye yule tuliyemzika?"

Tuliyemzika. Yule kijana alikuwepo mazishini. Alimlilia bibi yangu kule kwenye mvua, nami nikamfufua kwa sababu ya uvivu, kwa sababu sura ya tisa niliiandika kabla ya sura ya tatu na sikurudi kuitazama. Nilisoma mara sita, mke wangu mara moja, hakuna aliyeona. Macho ya mwandishi yanasoma kile alichokusudia, hayasomi kile kilichoandikwa. Hapo ndipo nilipofahamu kazi ya mchapishaji niliyemwona anachelewa kunijibu. Kwake yeye, kati ya kosa langu na kijana huyu wangesimama watu watatu, wanne. Kwangu hakusimama mtu.

Kwa toleo la pili nilimwendea mwalimu mmoja mstaafu wa Kiswahili, Bi mkubwa anayeishi Chumbageni. Nikamwambia, Mwalimu, nina laki tatu, nataka unisahihishie. Akasema lete, lakini usinipigie simu mpaka nikuite. Aliniita baada ya wiki saba. Mswada ulikuwa umejaa penseli kama mtoto aliyechezea masizi. Kuhusu bibi aliweka alama ya kuuliza tu, hakuandika neno. Lakini alikuwa ameona mengine ambayo wasomaji wote hawakuyasema. Manamba wangu, watu waliotoka Songea, waliotoka Kigoma, waliotoka Burundi, wote walikuwa wanazungumza Kiswahili cha Ngamiani, cha hapa hapa mjini kwetu. Akaniuliza, "Huyu kashushwa kwenye lori juzi. Hii 'ati' kaipata wapi?" Nikakaa kimya. Nilikuwa nimewavalisha watu wote mdomo wangu.

Alikata maneno mengi pia. Sikupenda. Nilirudi nyumbani nimevimba, nikakaa na mswada siku nne bila kuugusa. Siku ya tano nikaanza kusoma kwa sauti, penye penseli na pasipo na penseli, nikaona Mwalimu ana haki karibu kote. Riwaya ikashuka kutoka kurasa 208 mpaka 192, vijitabu 12 kamili. Karatasi nzima imepungua katika kila nakala. Sehemu kubwa ya zile laki tatu niliiokoa kule kiwandani kabla kitabu hakijauzwa.

Ndiyo maana nikiulizwa fedha ya kwanza iende wapi, nasema kwa mhariri. Kama fedha ni ya mhariri tu na haitoshi kuchapa, mpe mhariri, ungoje kuchapa. Mswada uliohaririwa haupotezi thamani kabatini. Na kuna jambo lingine la kungojea. Zipo tuzo zinazopokea miswada. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, inataka kazi ambayo haijachapishwa. Ukishajichapishia, mlango huo umeufunga kwa kitabu hicho. Ile ya Kiswahili iliyoanza 2014 pamoja na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani imekuwa ikipokea miswada na hata vitabu vilivyochapishwa ndani ya miaka miwili. Someni masharti kwanza. Mwaka mmoja wa subira si kitu kwa kazi ya miaka minne.

Karatasi za kiserikali nitazipita haraka, kwa sababu ndizo rahisi kuliko yote. Namba ya ISBN, ile yenye tarakimu 13 juu ya mistari ya jalada la nyuma, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Nayo maktaba itataka nakala za kuhifadhi, wapelekee, ni sheria na ni heshima kwako. Hakimiliki unayo tangu ulipoandika, kwa sheria ya 1999 inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ni kwa ajili ya kupata ushahidi siku ya ugomvi. Haya, tuendelee.

Kuuza. Maduka ya vitabu yanapokea kwa mali kauli. Unaacha nakala kumi, unaandikiwa kwenye daftari, ukirudi baada ya miezi mitatu unalipwa zilizotoka. Wapo waaminifu. Kuna duka moja la vifaa vya shule Korogwe, mwenyewe mama wa makamo, ananitumia fedha kwa simu siku ile ile kitabu kinapouzwa, pamoja na jina la aliyenunua. Na wapo wengine. Kuna mahali nilikuta nakala zangu zimepangwa dirishani kuelekea jua la mchana, jalada lililokuwa kijani limekuwa rangi ya maji ya mchele. Kuna mahali vitabu viliisha vyote na fedha haikuonekana, nikaenda mara nne, kila nikienda nauli inakula kitabu kimoja. Mara ya tano sikwenda. Nasema hivi ili mjue ukomo: weka nakala tano, usiweke thelathini, na daftari ukalisaini nyote wawili.

Na nyumbani napo kuna adui. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi. Boksi likikaa kwenye sakafu ya saruji mvua mbili za masika, kurasa za chini zinapinda na kuota ukungu, na mchwa hachagui riwaya na gazeti. Weka juu ya mbao, acha nafasi kati ya boksi na ukuta. Nilijifunza kwa nakala kumi na moja.

Vijana wengi hapa mnaandika simulizi kwenye simu. Mnatuma sehemu moja kila jioni kwenye makundi ya WhatsApp, msomaji analipa elfu moja au mbili kwa M-Pesa ili afike mwisho. Mimi sioni kwamba hiyo ni kazi ndogo. Mwandishi anayeandika sehemu kila siku mbele ya watu mia tatu wanaomngoja amefundishwa kitu ambacho mimi sikufundishwa, kwamba msomaji anaweza kuondoka wakati wowote. Kinachonitia huruma ni wizi. Wiki mbili baada ya kuuza toleo la faili, nilikuta riwaya yangu kwenye kundi nisilolijua, watu wanashukuriana. Niliumia kama mtu aliyeibiwa ndani ya nyumba yake akiwa amelala. Tangu hapo, kila faili ninalouza linaandikwa jina la mnunuzi chini ya kila ukurasa. Ni kazi ya dakika chache kwa kijana anayejua kompyuta, na imepunguza sana. Mtu anaona haya kusambaza kitu chenye jina lake.

Kitabu cha karatasi kwa bei ya 10,000 mkononi, bila duka, kinanipa zaidi ya mara kumi na nane ya kile kinachopitia dukani. Fanyeni hesabu wenyewe: 10,000 ukitoa 6,826. Kwa hiyo nilitembea. Nimeuza uwanjani Mkwakwani siku za mechi, kabla haijaanza, maana baada ya mechi inategemea nani kafungwa. Nimeuza kwenye maandalizi ya harusi, kwenye vikao vya VICOBA, kwenye basi la Lushoto. Nimekataliwa mara nyingi sana. Mtu anakishika kitabu, anakigeuza, anasoma nyuma, anakurudishia na kukuambia ahsante. Mara za kwanza uso unapata moto. Baadaye unaanza kusikiliza anasema nini anaporudisha, na hapo unajifunza kuhusu jalada lako kuliko utakavyojifunza kwa fundi yeyote. Watatu waliniambia maandishi ya nyuma ni madogo. Toleo la pili yakakuzwa.

Naona muda unaniishia, ngoja niseme lile nililokuja kulisema kuhusu faida.

Nyuma ya kitabu niliweka namba yangu ya simu. Watu walinionya nisiiweke. Siku moja ikaja sauti iliyorekodiwa, dakika sita, ya msichana wa Pongwe. Anaeleza kwamba babu yake haoni vizuri, yeye ndiye anamsomea kila jioni baada ya kazi, na babu amemsimamisha kwenye ukurasa mmoja na anakataa aendelee. Halafu nikasikia anampa babu simu.

Mzee akasema, "Mwanangu, umeandika kwamba mwisho wa mwezi yule mkata mkonge alipanga foleni akalipwa. Nani kakuambia tulilipwa mwisho wa mwezi?"

Nikampelekea salamu, kesho yake nikaenda. Alianza kukata mkonge akiwa kijana, kabla ya Uhuru. Mikono yake, hapa kwenye viganja na hapa juu ya kifundo, ina makovu madogo madogo ya miiba ya ncha za majani. Akanieleza kipande. Kadi yenye nafasi za siku 30. Siku uliyofanya kazi ukamaliza sehemu yako, unaandikiwa. Siku uliyoumwa, au hukumaliza, huandikiwi. Mshahara unakuja kipande kikijaa siku 30, hata kama kimekuchukua wiki sita kukijaza. Akasema mwezi ulikuwa wa mwajiri na wa kalenda. "Sisi hatukuwa na mwezi. Tulikuwa na kipande."

Nilikuwa nimesoma neno kipande kwenye vitabu. Nilikuwa nimeliandika mara tatu ndani ya riwaya yangu mwenyewe bila kulijua. Nilikaa kwake mpaka alasiri, mjukuu akatuletea chai na mihogo, nikaandika kurasa tisa za daftari.

Toleo la pili, ile sura niliiandika upya yote. Sikumwomba mtu ruhusa. Hakukuwa na kikao cha kungoja, wala mtu wa kuniambia kwamba nakala za zamani lazima ziishe kwanza. Mtu mmoja wa Pongwe alisema kitabu kina kosa, na kitabu kikabadilika. Mkata mkonge wangu sasa anaumwa homa siku tisa, kipande kimesimama kwenye 22, mke wake kila asubuhi anakitoa kwenye kibweta, anakitazama, anakirudisha.

Vitabu vilipofika Kange nilivifungua vyote pale pale stendi, chini ya taa, abiria wakinipita. Nikahesabu mara mbili. Halafu nikachukua kimoja nikapanda daladala kwenda Pongwe.

Msichana alianza kusoma kuanzia ile sura. Mzee alikuwa amefumba macho, ameshika fimbo kati ya magoti. Alipofika penye kibweta, akamwambia arudie. Akarudia. Mzee akanyamaza kwa muda mrefu, kuku wakaingia ukumbini wakatoka, kisha akaniambia, "Hapa sasa umetulipa."

Nikataka kumwachia kitabu bure. Akakataa. Akamwita mjukuu amletee pochi, akahesabu kwa vidole, noti tano za elfu mbili mbili, akazipapasa moja moja, akanikabidhi.